Aligundua au Alionyeshwa? Uhakiki wa Matembezi ya Njia ya Speke Kandokando ya Mto Nile

Sisi wanafunzi wa fasihi tumezoea kuhakiki vitabu, na siku hizi tunahakiki pia filamu, matangazo ya biashara na hata maneno ya khanga. Sijamwona bado mwenzetu aliyehakiki matembezi ya watalii. Nayo ni masimulizi kamili. Yana msimulizi anayelipwa, yana mhusika mkuu, yana msuko, yana mandhari isiyohitaji kubuniwa, na yana hadhira inayohama kwa miguu kutoka sura moja hadi nyingine. Tena hadhira hiyo haina nafasi ya kurudi ukurasa wa nyuma kuangalia kama kuna kilichorukwa. Kwa sababu hiyo naona masimulizi ya aina hii yanamhitaji mhakiki labda kuliko riwaya.

Matembezi ninayoyahakiki ni yale ya Jinja hapa Uganda, yanayofuata ukingo wa magharibi wa Mto Nile kutoka upande wa Bujagali mpaka kwenye mnara wa kumbukumbu ya John Hanning Speke, upande wa Njeru. Huchukua nusu siku. Tulikuwa wanafunzi wanane wa Kiswahili, watano wa hapa Uganda, wawili wa Burundi na mmoja wa Kongo, tukachanganywa na watalii wachache kutoka Ulaya. Kampuni iliyotutembeza sitaitaja, kwa kuwa hadithi iliyosimuliwa si mali yake peke yake. Ni hadithi ileile tuliyosomeshwa shule ya msingi, ila sasa inatolewa jasho.

Nianze na sifa, maana msimulizi wetu anazistahili. Ni kijana hodari. Anajua kupima mwendo wa kundi ili mnene na mwembamba wafike pamoja, anaijua miti kwa majina yake, anajua kivuli kinapatikana wapi jua linapoanza kuuma. Tulipowakuta wavuvi alisimama, akawasalimu kwa heshima, akawauliza habari za samaki na za maji, akatutafsiria majibu yao bila kuyapamba. Mvuvi mmoja alilalamika kwamba maji hupanda na kushuka siku hizi kwa amri ya wenye mabwawa, wala si kwa amri ya mvua. Mwongozaji alilileta lalamiko hilo kwetu kama lilivyo, na Mzungu mmoja akaliandika kwenye daftari. Kama matembezi yote yangekuwa ya namna hiyo, nisingekuwa na la kuandika.

Shida huanza anapowaacha wavuvi na kumrudia Speke. Sauti inabadilika, sentensi zinakuwa fupi, na kila sentensi ina kiima kimoja tu. Alikuwa akisema Kiingereza, lakini nikiyaweka maneno yake katika Kiswahili muundo wake hauharibiki: Speke aliondoka Unguja, Speke alivuka nyika, Speke alifika Buganda, Speke aliufuata mto, na tarehe 28 Julai 1862 Speke aligundua chanzo cha Nile. Mtu mmoja, miguu miwili, bara zima.

Katika darasa la sarufi tunafundishwa mnyambuliko wa vitenzi mpaka tunauchoka. Ona, onyesha, onyeshwa. Vuka, vusha, vushwa. Pita, pitisha, pitishwa. Tunaufanyia mtihani na kuusahau mlangoni. Kule ukingoni ndipo nilipouona ukinifaa. Kauli ya kutendwa ya Kiswahili ina deni ndani yake: ukisema "alionyeshwa", msikilizaji anangoja "na". Alionyeshwa na nani? Alivushwa na nani? Mtu anaweza kulikwepa deni hilo, lakini kila aliyesikia anajua limekwepwa. "Aligundua" hakidai chochote cha namna hiyo. Kinamtosheleza mtendaji wake, na wengine wote kinawageuza mandhari.

Tuichukue basi safari hiyohiyo na kuisimulia kwa kauli ya kutendwa. Mwaka 1857 Richard Burton na Speke walifikishwa Kazeh, yaani Tabora ya leo, na msafara wa wapagazi na askari, katika njia iliyokuwa imekanyagwa muda mrefu na misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa. Pale Kazeh walielezwa na mfanyabiashara Mwarabu, Snay bin Amir, kwamba kaskazini kuna ziwa kubwa. Mwaka uliofuata Speke alimwacha Burton Kazeh, akaongozwa kaskazini, akaliona ziwa karibu na Mwanza tarehe 3 Agosti 1858 na kulipa jina la malkia wake. Katika safari ya pili, iliyoondoka Unguja Septemba 1860, safari hii akiwa na James Grant, alitozwa hongo na watawala wa njiani (neno hilo lilikuwa ushuru wa kupita, halijapata bado aibu liliyo nayo leo), akakaribishwa na Rumanika, mfalme wa Karagwe, kisha Februari 1862 akapokewa na Kabaka Mutesa wa Buganda. Kwa Mutesa alikaa, au tuseme alikalishwa, karibu miezi mitano. Hakuondoka mpaka aliporuhusiwa, mwezi wa Julai, na alipoondoka alipewa watu wa Kabaka wa kumpeleka.

Hakuna hata moja katika hayo nililolichimba kwenye nyaraka za siri. Mengi yamo katika kitabu cha Speke mwenyewe kuhusu safari ya pili, kilichotoka 1863. Hili ndilo lililonishangaza nilipokifungua kitabu hicho baada ya matembezi. Speke ni mtu wa majivuno, na jina alilokipa kitabu limejengwa juu ya neno ugunduzi, lakini ndani yake anawataja watu. Anawataja kwa hasira, kwa kejeli, mara nyingine kwa dharau isiyovumilika, ila anawataja. Analalamika juu ya hongo, anasimulia jinsi alivyosubirishwa, anaandika nani alibeba ujumbe na nani aliuchelewesha. Matembezi ya Jinja, ambayo yanaongozwa na Mwafrika mwenzetu katika nchi huru, yamewafuta watu ambao Mwingereza wa karne ya 19 hakuweza kuwafuta, kwa kuwa alikula chakula chao.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni kivuko. Speke anapoeleza alichokiona siku ile ya tarehe 28, anaeleza wavuvi Waganda na Wasoga waliokuja kwa mitumbwi na kujipanga juu ya miamba wakivua kwa ndoana, viboko na mamba wamelala majini, ng'ombe wakishushwa kunywa maji, na juu kidogo ya maporomoko, kivuko kikiwa kazini. Kivuko! Watu walikuwa wakivushwa kutoka Buganda kwenda Busoga na kurudi, siku hiyo ya ugunduzi, kama walivyovushwa jana yake. Penye kivuko pana mwenye mtumbwi, pana malipo, pana mtu aliyechelewa sokoni anayepiga kelele ng'ambo ili asubiriwe. Mhakiki yeyote wa fasihi angekuambia kwamba hapo ndipo penye tamthilia. Kwa mguu wangu mwenyewe nilisimama mahali hapo, na kivuko hakikutajwa.

Kuna kichekesho kidogo hapa ambacho siwezi kukiacha. Bustani maarufu ya watalii, yenye vibanda vya vinyago na mashua za kukodi, iko upande wa mashariki, upande wa Jinja mjini. Speke alisimama magharibi. Wengi wanaopiga picha za kumkumbuka wanampigia picha kutoka ng'ambo ambayo hakuivuka. Angalau kwa hili matembezi yetu yana haki ya kujivunia ukingo wake.

Nije kwa mtu ambaye kutokuwepo kwake katika matembezi hayo ndiko kuliniuma zaidi. Tulipofika mahali pa kupumzika nilimuuliza mwongozaji wetu kama atatueleza habari za Bombay. Akaniuliza, kwa upole kabisa, kama nina maana ya ule mji wa India.

Sidi Mubarak Bombay alikuwa Myao aliyetekwa akiwa mtoto, akauzwa utumwani, akapelekwa Bara Hindi, akaishi huko mpaka bwana wake alipofariki, kisha akarudi Unguja. Jina la mji lilimganda. Alikuwa na Burton na Speke mwaka 1857, akawa tena na Speke na Grant katika safari ya pili, akaenda na Stanley kumtafuta Livingstone mwaka 1871, kisha akalivuka bara hili na Cameron kutoka pwani ya mashariki mpaka ya magharibi. Hesabu maili zake, halafu tafuta mnara wake. Mwaka 1876 Shirika la Kifalme la Jiografia la London lilimpa nishani ya fedha na pensheni. Alifariki 1885.

Bombay na Speke walisemezana kwa Kihindustani, lugha ambayo mmoja aliipata utumwani na mwingine jeshini. Mbele ya Kabaka maneno yalisafiri hivi: Speke alimwambia Bombay, Bombay akamwambia Nasib, mkalimani aliyejua Kiganda, Nasib akamwambia mmoja wa wakuu wa Kabaka, kwa kuwa haikuwa adabu mgeni kumtamkia mfalme moja kwa moja, na mkuu huyo ndiye aliyempelekea Kabaka. Jibu likarudi kwa ngazi zilezile. Wasomaji wangu wanajua nini kilikuwa lugha ya ngazi ile kati ya Bombay na Nasib. Kiswahili kilisimama katikati ya mazungumzo hayo yote, kikibeba pande zote mbili, na hakuna aliyekisifia, kama vile hakuna anayeisifia kamba ya ndoo akishapata maji.

Tena kinywa hichohicho kilichofasiri kilipigwa. Stanley, aliyemwajiri Bombay miaka kadhaa baadaye, aliandika juu ya pengo katika meno yake ya mbele na kusema ni kazi ya ngumi ya Speke, walipogombana wakiwa Uganda. Nalitaja hili kwa makusudi katika uhakiki wa matembezi ya starehe. Masimulizi yanayomfanya Speke kuwa mtembezi mpweke yanamwokoa pia na aibu hii, maana mtu aliye peke yake hana wa kumpiga.

Lakini Bombay niliyemsoma si mhusika wa kusikitikiwa tu. Kuna kisa kimoja katika kitabu hicho ambacho ningekitolea shilingi zote nilizolipa kwa matembezi. Tarehe 21 Julai, siku saba kabla ya maporomoko, msafara ulifika kwenye mto mahali panapoitwa Urondogani. Speke alijawa na furaha, akawaambia watu wake kwamba inawapasa wanyoe nywele na waoge katika mto huo mtakatifu, mto aliolelewa Musa. Bombay akamjibu kwamba wao hawayatazami mambo hayo kwa njozi kama yeye. Wao wanaridhika na mambo ya kawaida ya maisha. Yakienda vibaya ni mapenzi ya Mungu, yakienda vizuri ni mapenzi yake pia.

Soma jibu hilo mara mbili. Speke aliliandika kama ushahidi wa mtu asiyekuwa na mawazo ya juu, akamtania kwa kumwita mwanafalsafa. Mimi nalisoma kama uhakiki wa kwanza wa simulizi ya chanzo cha Nile, uliotolewa palepale ukingoni, hata kabla simulizi haijaandikwa. Bwana anataka ibada, na mtumishi anakataa kuwa mwumini. Hasemi mto si kitu. Anasema njozi hiyo si yao. Watu hawa walikuwa wametembea karibu miaka miwili wakibeba mizigo ya mtu anayetafuta jibu la swali ambalo halikuwa lao; kwao mto ni mto, una maji ya kunywa na kuoga, na unavukwa kwa mtumbwi. Kundi letu la watalii lilipofika mnarani tuliombwa tukae kimya dakika moja. Nilimkumbuka Bombay nikashindwa kuuzuia mdomo wangu usitabasamu.

Kwa haki ya mwongozaji, mwishoni alitoa maneno ya kujirekebisha. Alisema, kama wanavyosema wengi sasa, kwamba kwa kweli Speke hakugundua kitu kwa kuwa wazee wetu walikuwa wakikijua. Watalii walitikisa vichwa kukubali. Wenzangu wawili wakapiga makofi. Mimi sikupiga, na napenda kueleza kwa nini, kwa sababu baada ya hapo tulibishana njia nzima hadi kituo cha mabasi.

Sentensi hiyo ni ya kweli, lakini inachelewa na ni nyembamba. Inachelewa kwa kuwa inakuja baada ya nusu siku ya "Speke ali-". Ni kama mwandishi aliyejaza kurasa 300 za shujaa mmoja kisha akaweka tanbihi ya mwisho kusema shujaa hakuwepo. Ni nyembamba kwa kuwa "wazee wetu" ni neno lisilo na mtu ndani yake. Wazee gani? Mvuvi wa Kisoga aliyesimama juu ya mwamba alikijua kitu kimoja: mahali samaki wanapokusanyika. Mutesa alikijua kingine: kwamba mgeni huyu ana bunduki, na kwamba njia ya kaskazini ikifunguka huenda bunduki zaidi zikaja. Snay bin Amir alijua umbali wa misafara na bei ya pembe. Hakuna kati yao aliyekuwa na ramani inayounganisha maji haya na Misri, na hakuna aliyeihitaji. Speke mwenyewe hakuweza kuthibitisha. Alikuwa ameliona ziwa kusini na kaskazini bila kulizunguka, Burton alimkatalia, na Speke alifariki kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe mwezi Septemba 1864, siku moja kabla ya mjadala wao mjini Bath. Stanley ndiye aliyelizunguka ziwa mwaka 1875. Ujuzi ulikuwa vipande mikononi mwa watu mbalimbali, kila mmoja na haja yake. Tukiwamwaga wote katika kapu la "wazee wetu" tunawafanyia kile alichowafanyia "Speke aligundua". Tunawanyima majina kwa mara ya pili, safari hii kwa upendo.

Kitabu cha historia cha Kiswahili kilikuwa na silaha bora zaidi. Tuliosoma kwa vitabu vya upande wa Tanzania tunakumbuka kwamba watu hawa waliitwa wapelelezi, na waliorodheshwa pamoja na wamisionari na wafanyabiashara kuwa mawakala wa ukoloni. Mpelelezi ni mtu anayechungulia mambo ya watu, na leo neno hilo tunalitumia kwa polisi asiyevaa sare. Mtu akishaitwa mpelelezi, lazima kuwe na wenyeji wanaopelelezwa, na lazima kuwe na aliyemtuma. Mvumbuzi hana wenyeji. Siku hizi naona neno mvumbuzi likipendelewa kwenye vipeperushi vya utalii, labda kwa sababu lina sauti tamu. Mimi ningelirudisha mpelelezi.

Tufike kwenye kilele cha matembezi, maana kila masimulizi yana kilele. Mwongozaji alinyoosha mkono kuelekea majini akasema: hapo ndipo palipokuwa na maporomoko ya Ripon. Tulitazama. Maji yalikuwa yakipita taratibu. Maporomoko yamezama tangu bwawa la Owen Falls, linaloitwa sasa Nalubaale, lilipofunguliwa na malkia wa Uingereza mwaka 1954. Kwa maneno mengine, matembezi yote yanakupeleka kutazama kitu ambacho hakionekani. Nadhani hakuna msuko ulio bora kuliko huo, na hakuna msuko uliopotezwa kwa urahisi namna hii. Alitumia sentensi moja tu, akahamia kwenye picha ya pamoja.

Fikirini kilichokuwemo. Speke aliyaita maporomoko hayo Ripon kwa heshima ya bwana mkubwa wa London aliyekuwa rais wa Shirika la Jiografia wakati safari ilipoandaliwa. Mkono wa ziwa unaoleta maji pale aliuita Napoleon, kuwashukuru Wafaransa waliompa nishani ya dhahabu. Ziwa lilikwisha kuwa Victoria. Katika eneo ambalo unaweza kulitazama bila kugeuza shingo kuna malkia, bwana na mfalme, wote wa Ulaya, wote wamewekwa na mtu mmoja. Naye mwenyewe anaandika kwamba Waganda waliita mahali pale "mawe". Mawe basi! Jina la watu waliotazama walichokiona. Tangu 1862 hadi 1954 ni miaka 92; jina la Ripon lilidumu juu ya maji kwa muda huo, kisha likazama na mawe yenyewe. Lakini mawe kwa Kiganda na Kisoga ndiyo yaliyoupa mji jina: Jinja. Mji mzima unaitwa kwa kitu kilicho chini ya maji, na jina la bwana mkubwa limebaki kwenye vibao. Haya ningeyasikia kutoka kwa msimulizi, ningemlipa mara mbili.

Tulikoanzia kuna kisa kama hicho, tena cha karibu zaidi. Maporomoko ya Bujagali yalifunikwa na bwawa lililofunguliwa mwaka 2012. Kwa Wasoga mahali pale palikuwa makao ya roho ya Budhagaali, na suala la kuihamisha lilizua mabishano makubwa kabla ya ujenzi. Mimi ni Msoga kwa upande wa mama. Kwetu mto huu ni Kiyira, na watu wazima wa nyumbani bado wanalisema jina la Bujagali kwa sauti ya chini. Matembezi yanaanzia hapo, na yanaanza kwa Speke.

Sasa nije kwa lililonisukuma kuandika hata kidogo. Sisi tunaosoma Kiswahili katika nchi hizi jirani, hasa Uganda, tunaulizwa kila siku tunakipeleka wapi. Wazazi wengine bado wanasema ni lugha ya askari na ya wezi. Katiba ilirekebishwa mwaka 2005 ikakifanya lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 baraza la mawaziri likapitisha kwamba kifundishwe kwa lazima shuleni, lakini bado kinatazamwa kama mgeni aliyeletwa juzi na mkutano wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kifungue basi kitabu cha Speke. Utakuta Uganda, Usoga, Unyoro. Utakuta Waganda na Wasoga. Wenyeji wanasema Buganda, Busoga, Bunyoro. Irabu "u" na kiambishi "wa" vilitoka kinywani mwa nani? Vilitoka kwa Bombay na wenzake, kwa waungwana na wapagazi wa msafara, na kwa wafanyabiashara wa Kazeh waliokuwa wakilitaja ufalme huo kwa Kiswahili kabla Mzungu hajauona. Kiingereza kililichukua jina kama lilivyotamkwa na Waswahili, na nchi nzima ikaandikwa hivyo. Yule mzazi anayesema Kiswahili si cha kwetu analitamka jina la nchi yake kwa Kiswahili.

Hoja hiyo ingeweza kutolewa mnarani kwa dakika mbili, na ingewagusa wanafunzi wa shule wanaoletwa pale kwa mabasi kuliko tarehe yoyote. Kwa sasa wanaambiwa wakumbuke 28 Julai.

Kuhusu neno "chanzo" sitasema mengi. Wenzangu wa Burundi walicheka kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa kuwa kwao Rutovu kuna piramidi ndogo iliyojengwa mwaka 1938 juu ya chemchemi ambayo nayo ni chanzo cha Nile, na Rwanda wana chao katika msitu wa Nyungwe. Maji ya pande zote hizo huingia Kagera, na Kagera huingia ziwani. Kiswahili kinaweza kuwapatanisha kwa kutenganisha chemchemi na mahali mto unapotokea ziwani, lakini sidhani kama ofisi za utalii zinataka kupatanishwa.

Napendekeza kazi moja kwa idara zetu, na ni kazi ya wanafunzi wa tafsiri. Tuzichukue kurasa chache za kitabu hicho ambamo Bombay anasema, tuzitafsiri, tumpe mwongoza watalii azisome ukingoni kwa sauti. Si kazi rahisi. Jibu lake la Urondogani tunalo kwa Kiingereza cha Speke, naye inaelekea alilipokea kwa Kihindustani, kutoka kwa Myao aliyekuwa akiishi Unguja. Kwa hiyo hatutakuwa tukitafsiri kutoka lugha moja. Neno moja la Kiswahili limesalia humo wazi, lile ambalo watu wa msafara walimwita Speke, naye akaliandika "Bana". Tukianza na "Bwana", sentensi inayofuata iweje? Tumpe Kiswahili cha Unguja mjini, au kile cha misafara ya bara chenye Kinyamwezi ndani yake? Na "njozi" niliyoitumia hapo juu, je, Bombay angeitumia, au angesema tu kwamba Bwana anaota mchana?